Injini Isiyofunguliwa

Jua lilikuwa linazama, na fundi alikuwa anakusanya spana zake afunge gereji, aliposikia Mkongwe akipanda mtaa. Mkongwe ni gari la kaka yake, lile la dizeli, la kupita kwenye matope na mawe. Tangu kaka alinunue, mwaka ule aliozaliwa binti wa fundi, injini yake haikuwahi kufunguliwa. Magari ya rika lake yalishauzwa chuma chakavu. Hili lilivuka mito, lilivuta malori yaliyokwama, na asubuhi likiguswa tu na ufunguo linawaka. Watu wakimuuliza kaka siri yake, anacheka. "Oili safi na adabu," anasema.

Fundi naye alikuwa akitamba nalo. Nani asingetamba? Ndiye aliyelibadilishia oili miaka yote. Ila hakuruhusiwa kugusa kitu kingine hata siku moja. "Oili tu, mdogo wangu. Injini niachie mimi." Wala hakuuliza kwa nini. Kaka ndiye aliyemlea tangu baba yao afariki, ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi, ndiye anayemkimbiza hospitali akizidiwa. Mtu kama huyo unamuuliza nini?

Maana fundi alikuwa mgonjwa. Kifua. Madaktari walimpiga picha, wakazitazama, wakakuna vichwa. Hawakuona kitu. Mtu asiyewahi kuvuta sigara maishani, lakini akipanda ngazi chache anatafuta pa kukaa. Wateja walimwita Fundi Kikohozi. Alikuwa anacheka nao, halafu anakohoa.

Jioni hiyo Mkongwe aliingia gereji akikohoa.

Hilo halikuwahi kutokea. Injini ilikuwa inakwama, inashtuka, inatema moshi mzito uliojaa chumba kizima. Kaka alishuka na kidumu kidogo cha dizeli na kipande cha bomba la mpira. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mwache angurume," alisema. "Usimzime, na usifungue kitu. Naingia ndani kumsalimia mwanangu."

Mwanangu, yaani binti wa fundi. Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji, mlango mmoja tu katikati. Mama yake alikuwa bado kazini, na binti alikuwa jikoni peke yake. Kaka alifunga mlango nyuma yake.

Fundi akabaki na lile gari. Na kwa mara ya kwanza, sijui shetani gani alimtuma, akavunja amri ya kaka yake. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni. Mafundi wote husikiliza hivyo. Chuma chenyewe kinakwambia panapouma.

Alisikia nozeli zikinyunyiza dizeli. Alisikia vali. Na chini yake, mbali kidogo...

Pumzi.

Ilikuwa inavuta, inakwama, inatoka na mluzi mwembamba mwishoni. Mluzi ule aliujua. Mkewe humgeuza ubavu kitandani kwa sababu ya mluzi ule.

Akakohoa.

Injini ikakohoa.

Imetokea tu, alijiambia. Akafumba mdomo, akabana pua kwa vidole vyenye grisi. Mngurumo ukaanza kushuka... ukashuka... gari zima likatetemeka, taa zake zikafifia. Kifua kilipotaka kupasuka akaachia, na injini ikanyanyuka pamoja naye, ikihema. Bisibisi ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

Ndipo ladha ya dizeli ilipomjia mdomoni. Ladha ya zamani. Siku gari liliponunuliwa kaka alimpa mpira, ncha yake ya pili ikiwa ndani ya tangi, akamwambia bomba limeziba. Kila fundi anajua kazi hiyo, unapuliza panazibuka. Akapuliza. "Tena," kaka akasema. "Mpaka mwisho wa pumzi." Akapuliza mpaka akaona vimulimuli. Alipoinua kichwa, kaka alikuwa na machozi. Fundi alidhani ni furaha ya gari jipya.

"Umesikiliza," sauti ikasema nyuma yake.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, kidumu mkononi, mpira begani.

"Ni mimi humo ndani," fundi akanong'ona.

Laiti angekana. Fundi alimtazama akiomba moyoni akane, aseme umechanganyikiwa wewe, moshi umekupanda kichwani. Kaka hakukana, na hilo lilimuuma kuliko kifua.

"Aliyeniuzia alisema inataka pumzi ya damu yangu," kaka akasema polepole. "Mtu atakayeitoa bila kuuliza. Nilikuwa na nani mwingine?"

"Ulikuwa na yako."

Kaka akatazama viatu vyake. Mkongwe alikohoa, na fundi akakohoa naye.

"Ukawa unanishika mkono hospitali," fundi akasema sauti ikimkatika. "Unakaa na mke wangu kwenye benchi, unamfariji. Nilikuita baba, kaka."

"Nilitaka udumu."

"Kama gari."

Kaka alishusha mpira begani. Alimkaribia, akamshikisha kile kidumu, akafunga vidole vyake juu ya vidole vya mdogo wake kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto, wakivuka barabara.

"Ndiyo maana nimekuja," akanong'ona. "Leo nakufungua. Mimina hii kwenye tangi. Lazima iwe kwa mkono wako."

Hapo ndipo alipopaswa kuuliza. Hapo hapo, kabla ya kugusa kifuniko. Kidumu kilikuwa na dizeli, na juu ya dizeli kulikuwa na povu jepesi, bichi. Lakini alikuwa amechoka. Alitaka hewa, basi, kama wewe na mimi tunavyoipata bure. Na kaka yake amesema mimina.

Akamimina mpaka tone la mwisho.

Mkongwe akanyamaza. Halafu akaanza kunguruma, mngurumo laini kabisa, kana kwamba injini imetoka kiwandani asubuhi hiyo. Na kifua cha fundi kikafunguka. Alivuta hewa mpaka chini, mahali alipokuwa amepasahau, akaegemea ukuta akilia kwa furaha na uchungu vikiwa vimechanganyika.

Kaka alikuwa tayari ameshika usukani. Alirudisha gari kinyumenyume bila kumtazama usoni.

"Nisamehe," alisema dirishani.

Na fundi, moyo wake huo laini, akajibu, "Nimeshakusamehe, kaka."

Alikimbia kuingia ndani. Alikimbia, Fundi Kikohozi, hatua kubwa kubwa, apate kumwonyesha binti yake. Alimkuta ameinama kwenye sinki, anasukutua mdomo, anatema, anasukutua tena. Jikoni kulinuka dizeli.

"Haitoki, baba," binti alisema akijifuta midomo kwa kiganja. "Ladha yake mbaya hivi kumbe. Nyinyi mnawezaje?"

Fundi akamsogelea.

"Baba mkubwa alisema bomba la gari limeziba, nipulize kwenye kidumu, itasaidia upone. Nikapuliza mpaka nikaona vimulimuli." Akacheka. Kicheko kikakatika katikati. Akaweka mkono kifuani, akakunja uso kidogo, akavuta kiti akakaa.

Akakohoa, mara moja tu.

Mwisho wake kulikuwa na mluzi mwembamba.

Nje, mbali, Mkongwe alikuwa anapanda kilima bila shida yoyote. Fundi akageukia dirisha kumwita kaka yake. Akavuta pumzi. Ikaingia yote, ndefu na safi, wala haikukwama popote.