Rohan Alipoifuta Almasi

Siku ya soko Singida mjini, Kristina alijichomoa kwenye msongamano akaingia duka la miwani. Alivaa gauni la kitenge cha njano. Rohan, mwenye duka, alisahau kumalizia mikono ya shati aliyokuwa ameanza kuikunja.

"Nataka lenzi ya kukuzia," Kristina alisema taratibu.

"Ukuze nini, dada?"

"Almasi."

"Basi nimechelewa. Umeshachumbiwa."

Kristina akacheka, macho chini. Akaeleza: ni utando wa almasi uliooteshwa maabara, mdogo kama ukucha. Yeye mwenyewe ameuchora kwa kemikali, mistari inayopenda maji na mistari inayoyakataa, ili upime floridi inayoharibu meno ya watoto kwenye visima vya kijiji cha Issuna.

Wiki tatu zikapita kwa simu, Rohan akimpigia kila siku.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Acha kunipigia ukiwa na wateja."

"Wameshaniona nilivyo, wananihurumia."

Ikabaki siku moja kabla ya safari ya Issuna. Kristina aliacha kijisanduku chenye almasi dukani, akatoka nje kupokea simu ya mwalimu wake wa kemia chuoni. Aliporudi alimkuta Rohan, aliyezoea kufuta kila lenzi inayogusa meza yake, ameishika almasi kwenye kitambaa, anasugua.

"Ilikuwa na ukungu. Sasa inang'aa."

"Kazi ya miezi minane, Rohan," alisema Kristina. "Umefuta miezi minane." Akachukua kijisanduku, akaondoka. Simu saba za Rohan hakuzipokea.

Asubuhi akafungua kijisanduku, atafute namna ya kumwambia mwalimu. Akaipulizia almasi pumzi ya moto. Ukungu ukatanda, na ndani yake mistari ikatokea, mmoja baada ya mwingine, yote. Haikuwa rangi iliyopakwa juu. Ilishikamana na almasi yenyewe, na kitambaa hakina nguvu hiyo. Darasani alilijua hilo. Jana hofu ilimsahaulisha.

Akakaa kitandani, akalia, kifua kikawa chepesi. Kisha akapiga simu.

"Rohan, ipo. Haijafutika hata mstari."

Akasikia Rohan anashusha pumzi ndefu.

"Nisamehe," Kristina alisema. "Nilikasirika kabla ya kuangalia."

"Nisamehe mimi. Nilishika bila kuuliza. Issuna unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Nitakubebea ndoo za maji. Sitagusa kingine. Tukimaliza, twende kwenu Nduguti, nimpe baba yako shikamoo, nimwambie nataka kukuoa. Kama unanikubali."

Kristina aliziba mdomo kwa kiganja, akatabasamu peke yake chumbani.

"Basi linaondoka saa mbili," alisema. "Halimsubiri mchumba wa mtu."