Sifuri Saba za Kiroboto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiroboto alikuwa na kazi moja: kupitisha sumaku sakafuni na kuokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, na pini zilidondoka mchana kutwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi. Kiroboto aliimaliza kwa dakika mbili.

"Umepita na kule chini ya meza?" mama aliuliza.

"Nimepita."

Mama aliingiza mguu chini ya meza, akautoa haraka na kushika kidole gumba. Alichomoa pini, akaiweka mezani mbele ya binti yake, akaendelea kukunja pindo la sketi.

Jina la Kiroboto alipewa na mjomba wake, ambaye kazi yake ilikuwa kukata miti. "Mtoto huyu," mjomba alipenda kusema, "ukimkalisha kwenye gundi ataondoka na kiti." Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu na miguu isiyojua kukaa. Darasani goti lake lilitikisa dawati mpaka jirani yake akashindwa kuandika. Nyumbani alianza mambo matatu kabla ya kumaliza moja.

Nyuma ya stoo ya shule, pale uwanja unapoishia na msitu unapoanza, palikuwa na mti mkubwa uliokauka. Siku moja ya upepo tawi lake lilianguka na kutoboa bati la stoo. Hakuumia mtu, lakini mwalimu mkuu alikosa usingizi. Alitaka mti ukatwe kabla mvua hazijaanza, na mkataji alikuwa yule yule mjomba. Kilichobaki kilikuwa barua ya ruhusa kutoka ofisi ya misitu.

Afisa wa misitu alifika Jumatatu akiwa amevaa buti za mpira na darubini shingoni. Wanafunzi walimwita Mama Darubini, naye hakukasirika. Alisimama mbele ya darasa na kuonyesha picha ya kasuku mdogo wa kijani, mwenye kiraka chekundu kwenye bega.

"Huyu ni mkubwa kidogo tu kuliko ngumi yako," alisema. "Hawezi kutoboa mti mwenyewe. Hutafuta tundu lililokwisha kuwapo katika mti mzee. Miti mizee imekatwa, na kasuku wengi wamenaswa wakatiwa kwenye vizimba. Mwaka jana tulihesabu msitu wetu wote, hawakufika mia mbili. Juu ya ule mti wenu mkavu kuna tundu. Nataka kujua kama lina wenyewe."

Alikuwa na miti mingine kumi na mmoja ya kuangalia ng'ambo ya kilima, hivyo alihitaji mwanafunzi anayekaa karibu. Kazi ilikuwa kukaa nyuma ya stoo saa nzima kila jioni, kwa siku kumi, na kuandika kwenye daftari ndege walioingia na waliotoka. Kiroboto aliponyoosha mkono, darasa zima lilicheka. Hapo ndipo alipounyoosha juu zaidi.

Siku ya kwanza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaona kasuku wawili. Waliruka kama majani mawili yaliyochukuliwa na upepo, mmoja akajipenyeza tunduni. Siku ya pili alimwona mmoja. Siku ya tatu alikaa mpaka miguu ikafa ganzi, akaona mmoja dakika ya mwisho kabisa.

Siku ya nne alikaa dakika kumi. Hakuna kilichotokea. Upande wa pili wa stoo wenzake walikuwa wakicheza mpira, na kila kishindo cha mpira kilimpanda kutoka nyayoni hadi kichwani. Alitazama tundu. Lilikuwa jeusi na kimya. Akaandika sifuri, akaenda kucheza.

Hakujiona kama anadanganya. Alijiambia: si nilikaa? Si sikuona kitu? Basi sifuri ni sifuri. Siku ya tano alikaa dakika tano. Siku ya saba aliandika sifuri akiwa anatembea. Sifuri ya siku ya kumi aliiandika mapema, siku ya tisa, ili isimsumbue.

Mama Darubini aliporudi alifungua daftari na kusoma akiwa amesimama. Kiroboto aliona uso wake ukibadilika taratibu, kama mtu anayesoma habari za mgonjwa.

"Sifuri saba mfululizo," alisema. "Ulikaa saa nzima kila siku, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wamehama. Labda lile tawi lililoanguka liliwatisha." Aliketi kwenye meza ya mwalimu mkuu, akaandika barua na kuitia sahihi. "Nilikuwa na matumaini na mti huu," alisema, akafunga kalamu.

Mti ulipangiwa kukatwa Jumamosi asubuhi.

Tangu hapo Kiroboto hakutulia kabisa, na hii haikuwa ile hali yake ya kila siku. Chakula kilimshinda. Kwenye mpira alipigiwa pasi, akaitazama ikipita. Ijumaa jioni aliona njia moja tu ya kujituliza: kwenda kuhakikisha kuwa tundu ni tupu kweli. Likiwa tupu, uongo wake utakuwa haujamdhuru mtu.

Alikaa juu ya ile ndoo. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Dakika ya thelathini na tano kasuku mmoja alitua kwenye tawi bila sauti, akageuza kichwa huku na huku, akaingia tunduni. Na kutoka ndani ya mti zikatoka sauti nyembamba, nyingi kwa pamoja, kama bawaba ndogo zisizotiwa mafuta.

Kiroboto alikimbia mpaka nyumbani. Mjomba alikuwa ukumbini akinoa meno ya msumeno wake wa injini, moja moja, kwa tupa.

"Mjomba, hamuwezi kukata Jumatatu?"

"Kwa nini?"

"Naona kesho kutakuwa na upepo."

Mjomba aliangalia nje, ambako hata jani halikutikisika. "Mpwa wangu, mambo ya upepo niachie mimi. Miaka kumi na minane nakata miti na bado nina mikono miwili."

Kiroboto alimwacha na tupa yake. Aliingia chumba cha mbele. Mama alikuwa akitia vifungo.

"Una nini?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hazunguki meza mara nne."

Lakini Kiroboto alisema anaumwa kichwa, akaenda kulala.

Asubuhi alifuata nyuma ya mjomba bila kuitwa. Mwalimu mkuu alikwisha fika, na vijana wawili wa mjomba walikuwa wamefunga kamba kuzunguka eneo lote. Mjomba aliuzunguka mti, akaugonga kwa kiganja, akapima kwa macho utakakoangukia. Alivuta kamba ya injini. Msumeno uliguna, ukanyamaza. Akavuta tena, ukanguruma.

Kiroboto aliinama, akapita chini ya kamba iliyozunguka eneo na kukimbilia kwenye mti.

Mjomba alizima injini papo hapo. Uso wake ulikuwa umepauka. "Una wazimu? Unajua mti unavyoua?"

"Wamo," Kiroboto alisema akihema.

"Nani?"

"Kasuku. Na makinda. Nimewasikia jana."

Mwalimu mkuu alisogea na barua mkononi. "Barua ya afisa inasema tundu ni tupu."

"Barua imetoka kwenye daftari langu, mwalimu. Na daftari langu ni la uongo. Nilikaa siku tatu tu. Zile nyingine nilikuwa nacheza, nikaandika sifuri."

Mmoja wa vijana alikohoa. Mwalimu mkuu aliikunja barua polepole.

"Jambo gumu ni hili," alisema. "Juzi ulimwambia afisa ulikaa, na hukukaa. Leo unaniambia ndege wamo. Mimi nina wanafunzi mia tatu wanaopita chini ya mti huu. Nitajuaje kwamba leo ndiyo unasema kweli?"

Kiroboto alitafuta neno la kuapa, akaona hata kiapo chake hakina uzito tena. Alitaka kulia, akajizuia.

Mjomba ndiye aliyeweka msumeno chini. "Tukae," alisema. "Kama wamo, watatokea."

Wakakaa. Mwalimu mkuu alikaa juu ya tofali na kutandika leso kwanza. Ilipita robo saa, ikapita nusu saa. Kelele za injini zilikuwa zimewafukuza ndege wote, hata shomoro. Mwalimu mkuu aliangalia saa yake, akaangalia mawingu. Vijana walianza kuchora ardhi kwa vijiti. Mjomba alibadilisha mguu wa kukalia, kisha akabadilisha tena. Kiroboto peke yake hakusogea. Nzi alitua kwenye goti lake, akatembea, akaondoka mwenyewe.

Saa nzima ilipokaribia kutimia, mwalimu mkuu aliinuka na kukung'uta suruali. "Basi," alianza kusema.

Kasuku wa kijani alipita juu ya kichwa chake na kushika ukingo wa tundu. Kiraka chekundu kilionekana wazi begani. Aliingia, na zile sauti za bawaba zikaanza, mpaka vijana wote wawili wakainua nyuso. Mwalimu mkuu alirudi kukaa kwenye tofali lake, safari hii bila leso.

Mama Darubini alipigiwa simu, akafika saa sita. Mwalimu mkuu alitaka kumweleza, lakini mjomba alisema, "Aeleze mwenyewe." Kiroboto akaeleza tangu siku ya nne, hata ile sifuri aliyoiandika mapema. Afisa aliomba daftari. Alipiga mstari mmoja kwa rula kukata zile siku saba, akaandika pembeni: *Hazijulikani.*

"Kasuku anapoatamia mayai, hukaa ndani muda mrefu," alisema. "Mwenzake huja mara moja moja kumlisha. Kwa hiyo ukiona kimya, si lazima tundu liwe tupu; huenda mama yuko ndani anaatamia. Ungekaa, ungeelewa." Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo lilimuuma Kiroboto kuliko ukali. "Mimi nami nina kosa. Niliweka sahihi kwa kusoma daftari tu, bila kukaa hata jioni moja. Sasa makinda hawa wanahitaji wiki tano. Atakayewalinda ni nani?"

"Mimi," Kiroboto alisema. Hakuna aliyecheka.

Mjomba alipanda ngazi na kukata kwa msumeno wa mkono matawi yaliyoelekea stoo, polepole, bila injini. Mwalimu mkuu alihamisha njia ya wanafunzi ikapita upande wa pili wa uwanja. Kamba ilibaki mahali pake.

Jioni ya kwanza mama alimpa Kiroboto mfuko wa nyuzi zilizosokotana, mabaki ya cherehani. "Zifungue kwa vidole bila kuziangalia," alisema. "Macho yawe juu. Mikono ikipata kazi, miguu huacha kudai." Ilisaidia, ingawa si kila siku. Jioni nyingine miguu ilimwasha kama iliyotambaliwa na siafu, naye alihesabu mpaka mia tano na kuanza upya. Lakini alikaa. Wiki ya tatu alijifunza kumtambua dume kwa namna alivyogeuza kichwa kabla ya kuingia. Wiki ya nne kichwa kidogo chenye manyoya yaliyovurugika kilichungulia nje, kikatazama ulimwengu, kikarudi haraka.

Mwisho wa wiki ya tano makinda watatu walitoka, mmoja Jumanne na wawili Alhamisi. Yule wa mwisho alining'inia ukingoni jioni nzima kabla ya kuthubutu. Siku iliyofuata tundu lilikuwa tupu, na mvua zilikuwa zimeanza kunukia. Mjomba aliukata mti. Kile kipande cha shina chenye tundu alikitenga, akakifunga kwa waya juu ya mti mzima wenye afya, hatua mia moja ndani ya msitu, ili kasuku wawe na mahali msimu ujao.

Mama Darubini alikuja kuchukua daftari jipya. Alikaa kwenye kiti cha wateja katika chumba cha mbele, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, wakati mama akipiga pasi kola. Kiroboto alisimama karibu na mlango.

Kidole cha afisa kilisimama kwenye mstari mmoja. Uliandikwa: *Jumatano. Nilikuwa na homa. Sikukaa. Sijui.*

"Siku hii hukuogopa nitakasirika?" aliuliza.

"Niliogopa. Lakini sikukaa."

Mama Darubini alifunga daftari, akaliweka kwenye mkoba wake pamoja na darubini.

"Sikia, mwanangu. Mtu anayesema 'sijui' pale asipojua, ndiye ninayeweza kumwamini anaposema 'nimeona'. Kurasa hizi zina siku thelathini na tano, na mbele ya wakubwa wangu nitazitetea zote. Huo mstari mmoja ndio unaozishika nyingine."