Fungua Kabati la Vioo

Siku ya soko, Eusebia Choquevillca alikuwa akipanga viazi vyake. Bintiye Sayda, mwenye miaka kumi na mmoja, akamjia na chupa mkononi. Ndani ya chupa mlikuwa na mdudu wa kahawia.

"Mama, nimemtoa kwenye ufa wa ukuta, juu ya kitanda changu. Mdudu gani huyu?"

"Mdudu tu. Wamo ukutani tangu enzi za bibi yako."

"Na bibi aliuawa na nini?"

Eusebia aliacha kupanga viazi. Mama yake alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na tano. Moyo, watu walisema. Alifunga viazi vyake kwenye furushi.

"Twende maktaba," alisema.

Mlangoni aliketi Don Heriberto, mlinzi wa maktaba kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, babu. Naomba kitabu cha wadudu," Sayda alisema.

"Vitabu vya watoto vile pale. Hadithi za mbweha."

"Mbweha simtaki. Nataka ukweli."

"Ukweli umo katika lile kabati la vioo lenye kufuli, na kabati ni la wasomi. Watoto huchafua."

"Basi nifungulie mimi," Eusebia alisema.

Don Heriberto akacheka. "Muuza viazi naye anasoma?"

"Nimejifunza ukubwani, mwaka wa pili sasa. Na huyu mwanangu ananizidi. Fungua!"

"Sifungui."

"Basi nami sitoki."

Alitua furushi kizingitini, akalikalia. Sketi yake pana ikaziba mlango wote. Watu wakajaa nje, hakuna wa kuingia wala kutoka.

"Inuka, mama! Unaniaibisha!" Don Heriberto alisema.

"Aibu ni yako. Umewafungia watoto elimu kama jibini linalofichwa panya wasilile."

Kelele zikamtoa Ninfa, mkutubi aliyehamia mjini mwezi ule. Alisikiliza pande zote, kisha akanyoosha mkono.

"Don Heriberto, ufunguo."

"Lakini kanuni..."

"Kanuni inasema vitabu vya marejeo visitoke nje ya maktaba. Haisemi mtoto asivisome."

Kabati likafunguliwa. Sayda akachukua kitabu kinene, akaanza ukurasa wa kwanza.

"Hiki hakisomwi kama hadithi," Ninfa alimwambia. "Nenda nyuma kabisa. Hiyo ni faharasa. Mambo yamepangwa kwa alfabeti, na kila jambo lina namba ya ukurasa wake. Hapa kwenu mdudu wa ukutani mnamwitaje?"

"Vinchuka."

"Tafuta V."

Sayda akapata. Picha ilikuwa ya mdudu yuleyule. Alisoma kwa sauti: hunyonya damu usiku, huambukiza ugonjwa unaoharibu moyo polepole, na ugonjwa huo hauna dawa.

Eusebia aliitazama chupa ya mdudu.

"Tazama kimechapishwa lini," Ninfa alisema upesi.

"Elfu moja mia tisa hamsini na nane."

"Kinanizidi umri! Tutafute kipya."

Kitabu cha pili kilisema dawa ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, hasa kwa watoto.

"Kumbe kile cha kwanza kilidanganya?" Sayda aliuliza.

"Hakikudanganya. Kimezeeka. Ndiyo maana tunalinganisha vitabu viwili, na kilichopitwa na wakati tunakiondoa rafuni. Lakini kitabu si daktari. Mpelekeni huyo mdudu kituo cha afya, na msimguse kwa mkono."

Walikwenda siku hiyohiyo. Wote wawili walipimwa damu, na wote walikuwa na ugonjwa. Sayda alimeza dawa miezi miwili. Daktari alisema wamemuwahi. Eusebia alikuwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi, kwa hiyo aliambiwa moyo wake utapimwa kila mwaka. Wahudumu wa afya walipulizia dawa nyumba yao, na majirani wakasaidia kuziba nyufa zote.

Maktabani, Ninfa aliteremsha vitabu vya maarifa hadi rafu ya chini, watoto wavifikie. Kabati likabaki wazi mchana kutwa.

Jioni moja Don Heriberto alikuta mtu mmoja bado mezani. Ni Eusebia. Kidole chake kilikuwa chini ya neno "moyo", midomo yake ikitamka silabi moja moja.

"Mama, tunafunga."

"Ni moyo wangu ninaousoma hapa," Eusebia alimjibu bila kuinua macho. "Nimebakiza kurasa mbili. Keti usubiri."

Don Heriberto akavuta kiti, akaketi.