Leso Iliyolala Nje

Siku ile, ndani ya chumba cha orofa ya tatu huko Uthiru, walikuwepo Nanjala, mtoto wake Joyline wa miezi mitano, jirani yao Stellah aliyemlea mtoto mchana, na Everlyn, mama mkwe, aliyefika asubuhi kutoka Bungoma. Wote walimwita Kukhu, yaani nyanya. Sifuna, baba wa mtoto, alikuwa kwenye kazi ya mjengo Upper Hill. Baadaye Stellah alisema kulikuwa na mwingine.

Nanjala alikuwa amerudi mapema. Bhoomi, tajiri wake ambaye Nanjala humpikia kule Parklands, alimwona akilia juu ya sinki, akamwambia aende nyumbani, akamfungia na chapati mbili. Mtoto alikuwa hajanyonya tangu jana. Hata maziwa ya kikombe aliyatema, na utosi wake ulikuwa umeanza kubonyea.

Nanjala aliketi kitandani, akampa titi. Joyline alipiga kelele kama mtoto aliyebebwa na mtu asiyemjua. Kisha akanyamaza ghafla, akageukia pazia linalogawa chumba, akatabasamu. Midomo yake ikaanza kunyonya hewa.

Nyuma ya pazia kulikuwa na ndoo na viatu tu.

Kukhu aliuliza mtoto hulala na nini mama akiwa kazini. Stellah akaeleza kwamba Nanjala huacha leso aliyolala nayo, naye humfunga mtoto ndani yake, akisikia harufu ya mama analala. Jumatatu leso ilikojolewa, akaipeleka juu ya paa ipigwe na upepo.

"Jua lilizama ikiwa nje?" Kukhu aliuliza polepole.

"Nilikuwa nimeenda kuchukua wangu shule, mvua ikatushika. Nilisahau, Kukhu. Niliishusha asubuhi yake."

Kukhu hakumgombeza. Alimsogezea kikombe chake cha chai, akaichukua leso, akainusa. Haikunuka mkojo, wala mvua, wala maziwa. Akainamia shingo ya Nanjala, akavuta pumzi mara mbili, akajiondoa taratibu.

"Huna harufu, mwanangu," alisema. "Ni kama kunusa kioo. Leso ililala nje, kitu cha usiku kimeichukua."

Ndipo nao wakaisikia. Ilitoka nyuma ya pazia, kidogo kidogo, harufu ya maziwa yaliyokaukia kwenye blauzi, na mafuta ya kupaka, na vitunguu na bizari ya jikoni kwa Bhoomi, harufu yote ya Nanjala, ikiwa na joto kama inayotoka mwilini, na ikazidi, ikajaa chumba, hata Stellah akaweka kikombe chini na kufumba macho, hata Nanjala mwenyewe akatamani kwenda kulala huko nyuma kama mtoto, asiamke, huku Joyline akijinyoosha mikononi mwake, amefungua mdomo, akivutwa.

"Kukhu, ni jini?" Stellah alinong'ona.

"Usilipe jina, litakaa. Mshike mtoto, Nanjala. Akinyonya huko, harudi."

"Linirudishie harufu yangu."

"Haitarudi. Tutampa nyingine. Mtoto huyu anamjua nani tena kwa harufu?"

Nanjala alijua jibu, na lilimuuma. Mara ngapi alikuwa amerudi jioni akamkuta Joyline amelala kifuani mwa Stellah, akamshukuru kwa mdomo, moyo ukiwa na wivu? Alitazama chini.

"Stellah," alisema.

"Mimi nanuka omena," Stellah akasema, akilia.

"Leo omena ni dawa," Kukhu akamjibu. "Vua."

Stellah alivua blauzi aliyokaangia samaki tangu asubuhi, Nanjala akaivaa bila kuifunga vifungo. Kisha Stellah akapangusa jasho la shingo yake kwa kiganja na kumpaka Nanjala kifuani, kwa upole, kama anayempaka mtoto mafuta. Pazia lilijaa kama tanga, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. Joyline aligeuka kule. Akageuka huku. Pua yake ndogo ilitafuta, ikasita, ikatua kwenye blauzi ya omena. Akashika titi.

Hakuna aliyepumua mpaka waliposikia akimeza. Nyuma ya pazia ndoo ilisogea yenyewe, mara moja.

Walihamia kwa Stellah kabla Sifuna hajarudi, bila kubeba hata sufuria. Mtoto alinyonya usiku kucha. Tangu hapo Nanjala havai nguo yake kabla Stellah hajaivaa kwanza, naye Stellah hajawahi kumcheka kwa hilo.

Mwezi uliofuata chumba kile kilipangishwa Nzau, fundi viatu wa makamo, ambaye mama yake alifariki siku aliyomzaa. Aliwaambia majirani kwamba hajawahi kulala vizuri hivyo. Kufikia Ijumaa, siku tisa zilikuwa zimepita bila yeye kufungua mlango.