Uso Usiopumua

Asubuhi ile kinyago kilikuwa kimelowa kwa ndani. Si chote, ni pale chini ya pua tu, ukungu mwembamba kama wa kioo kilichopuliziwa, na kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo ambao Madonda alilala nao. Akakifuta kwa kitambaa, akajiambia ni joto. Watu wa filamu walimwita Madonda kwa sababu aliweza kukutia kidonda shavuni mpaka mama yako mzazi aangue kilio. Jina alilipenda, na filamu hii ndiyo ilikuwa ya kwanza kumpa ukuu wa mekapu. Miaka yote alikuwa akiosha brashi za wenzake, leo meza nzima ya rangi na damu za bandia ni yake, halafu eti kinyago kitoke jasho? Wapi!

Katika filamu hiyo kinyago kilikuwa cha mama mkwe aliyefufuka kudai haki yake, na wa kukivaa alikuwa mdogo wake Madonda, msichana aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, akampigania kwa mwongozaji mpaka akapata nafasi. Kwa hiyo alitoboa matundu mawili puani kwa sindano ya moto, mdogo mtu apate kupumua. Siku ya kupiga picha akafungua kabati, matundu hayapo. Hayakuzibwa, jamani, yalikuwa yamepona, ngozi juu ya ngozi, na ule ukungu ndani ulikuwa umezidi.

"Dada, mbona unanuka plasta mbichi?" mdogo wake aliuliza alipoketi mbele ya kioo. "Leo si hatuna kazi ya plasta?"

"Kaa sawa. Maneno baadaye."

"Na sindano ya moto ni ya nini?"

"Nimesema kaa sawa, mdogo wangu."

Akatoboa matundu upya, mapana zaidi, akapaka gundi, akakibandika.

Sasa ule uso ulitoka wapi, hilo Madonda hakumwambia mtu. Ulikuwa wa Mwalimu, bibi mkali aliyemfundisha kazi, ambaye alikuwa amechukua chapa za nyuso za waigizaji wengi kwa kuzipaka plasta lakini wake mwenyewe hakuruhusu uguswe. Unaanzia kwenye paji la uso, alikuwa akifundisha, unashuka mashavuni, unasawazisha kidevu, ukifika puani unaruka, matundu unayaacha wazi, kwa sababu aliyelala chini yako ni mtu. Madonda alishachapwa vidole kwa kusahau. Mwalimu alipougua, Madonda ndiye aliyemuuguza, na hilo tusimnyime. Lakini siku daktari alipotikisa kichwa na ndugu wakatoka nje kupiga simu, alibaki peke yake na mwili, na mkoba wake wa kazi uko miguuni. Mikunjo ile! Uso kama ule ungemtoa mtu kwenye kuosha brashi. Alikoroga plasta akaimwaga uso mzima, pua na mdomo pamoja, maana maiti hapumui.

Plasta ilipokauka akaibandua, na ndani yake, pale penye pua, akakuta kiputo cha hewa kikubwa kama punje ya hindi. Fundi yeyote wa kazi ile anajua maana yake. Chini ya plasta kulikuwa na mtu hai, akapuliza, akakosa pa kutolea. Madonda alikitazama kiputo, akamtazama Mwalimu, ambaye sasa alikuwa amekufa kwelikweli. Akakiziba kwa plasta iliyobaki, akamfuta uso, akatoka nje kulia na wafiwa; baada ya mazishi akamimina mpira ndani ya chapa ile, kinyago kikatoka. Machozi yalikuwa ya kweli, na uchu wa ile kazi ulikuwa wa kweli vilevile.

Mbele ya kamera, mdogo wake alilala kitandani akisubiri kufufuka. Mtu wa sauti akainua hedifoni sikio moja.

"Nani anakoroma?" alinong'ona.

"Hakuna mtu," Madonda akamjibu.

"Yupo. Anavuta hewa haiji. Yuko kwenye maiki ya huyu binti."

Mdogo wake akaanza kurusha mikono, na mwongozaji akainua kidole gumba, akifurahi kwamba binti anaigiza haswa, na Madonda akaona kuwa matundu ya pua hayapo tena na mdomo wa mpira umeshonana, akakimbia na mkasi akipiga teke taa na nyaya, akaingiza kucha ukingoni mwa kinyago na kukuta kina joto, kinashika nyama, kinatoa damu ambayo hakuichanganya yeye mezani kwake. Kisha kinyago kikasema kwa sauti ya Mwalimu, bila kufungua mdomo.

"Kile kiputo ulikiona?"

Mwongozaji alikuwa pale. Mtayarishaji pia, na wote ambao wangemwita tena kazini au wasimwite kamwe. Madonda akawatazama. Ee, aliwatazama kwanza, huku kucha za mdogo wake zikigeuka bluu!

"Nilikiona!" akapiga ukelele. "Nilikiona nikakiziba! Alikuwa hai, nami ndiye niliyemuua!"

Kinyago kikaanguka sakafuni. Mdogo wake akavuta pumzi ndefu, na Madonda akamkumbatia huku akilia, akimwomba msamaha yeye na marehemu. Binti akamtoa mikono polepole, akasimama, akaenda mezani akachukua bakuli. Maisha yake yote hajawahi kukoroga plasta, lakini aliikoroga bila donge hata moja.

"Lala," akasema kwa ile sauti.

"Mwalimu, nimeshasema ukweli. Umenisikia."

"Nimekusikia. Mmoja wenu leo hapumui. Chagua."

Fundi wa taa alijaribu kuja, miguu ikakataa. Midomo ya mdogo wake ilikuwa ikianza tena kuwa bluu, na safari hii Madonda hakumtazama mtu mwingine yeyote. Akajilaza kwenye kitanda cha mama mkwe, akafunga nywele zake kitambaa kama anavyofungwa mwigizaji.

"Ukimaliza utamwachia?"

"Mimi sijawahi kukudanganya, mwanangu."

Plasta ilikuwa baridi. Mikono ya mdogo wake ilianzia kwenye paji la uso, ikashuka mashavuni, ikasawazisha kidevu. Machozi ya binti yalimdondokea Madonda shingoni, lakini mikono haikusita. Ikafika puani, na haikuruka.