Karibu Chai

Sidi alipiga miayo asubuhi, na mvuke ukamtoka kinywani. Mtaani Bondeni hapa, jamani, Mombasa, ambako hata Julai mtu huamka na jasho shingoni! Mwende, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, aliacha kuchana nywele akamkodolea macho.

"Sidi, una nini?"

"Baridi ya mlimani tu. Haijanitoka."

Jumapili iliyopita, wao wawili na Lennox, mwenzao wa kazini bandarini, walikuwa wamepanda mlima huko Taita alfajiri, baridi ikiwakata masikio. Kileleni ukungu ulikuwa mzito, mbele huoni. Wakakaa kitako, Mwende akamimina chai. Mara mtu akapita ukunguni, mrefu, hana haraka. Sidi ni mtoto wa pwani. Hawezi kutia kitu kinywani mbele ya mpita njia asimwite.

"Karibu chai!" akasema.

Yule mtu akasimama. Walipotazama tena hayupo, na kikombe cha Sidi kitupu, naye hajakigusa. Lennox akacheka, ati Sidi ana koo la ngamia. Wakashuka.

Sasa kila alfajiri ngazi za nyumba zilinuka majani mabichi na udongo uliolowa, na nyayo chepechepe zikapanda polepole. Sidi akazidi kupoa. Midomo ikamvia, sauti ikamkatika. Daktari alipima asione kitu.

Bi Mahfudha, mwenye nyumba, akaja na chetezo cha ubani, akasoma mpaka koo likamkauka. Mwisho akamvuta Mwende kando.

"Mwanangu," akanong'ona, "huyu anayekuja alfajiri hakuvamia, alialikwa. Ubani wangu haumtoi. Atatolewa na aliyemkaribisha, na Sidi hana tena kauli. Joto lake likimalizwa, ndiyo basi, tunamzika."

"Chai niliimimina mimi, Bi Mahfudha. Basi hata mimi ni mwenyeji wake."

"Utamuweza?"

"Nimuweze nisimuweze, Sidi hachukuliwi humu ndani."

Alfajiri ikaja harufu kwanza, kisha nyayo, na Mwende, aliyekaa ukingoni mwa kitanda ameushika mkono wa Sidi uliopoa kama samaki wa barafu, akazisikia zikipanda, zikitua, zikipanda tena, zikafika kwenye mlango uliotiwa komeo, mlango usifunguke, na bado zikaingia, zikazunguka kitanda taratibu huku zikichuruzika maji, mpaka godoro likabonyea upande wa pili na Sidi akafumbua macho yasiyokuwa yake.

"Nilikaribishwa," kinywa cha Sidi kikasema, kwa sauti nzito, tulivu, ya mtu anayejua haki yake.

Mwende hakuuachia ule mkono. Aliogopa, wallahi aliogopa, lakini hasira zilimpanda kuliko hofu.

"Ulikaribishwa chai," akasema. "Chai, si mtu! Ukanywa, hukusema hata ahsante, ukafuata watu hadi kwao. Mgeni gani huna haya? Ondoka!"

"Pwani hawafukuzi mgeni."

"Mimi kwetu Mwingi, bara," Mwende akasema. "Nafukuza. Toka!"

Kisha godoro likainuka. Nyayo zikaelekea mlangoni, naye akazifuata nyuma, leso kiunoni, kichwa wazi, akizitimua kwa maneno makali ngazi zote, uchochoroni, mpaka mtaa wa Makadara, watu wakifungua madirisha kumtazama mwanamke anayegombana na hewa. Walidhani ana wazimu. Na wadhani! Hakugeuka mpaka harufu ile ilipoisha kabisa.

Aliporudi alimkuta Sidi amelitupa blanketi sakafuni, paji la uso linachuruzika jasho, amenuna.

"Mwende, joto gani hili? Nani kafunga madirisha yote haya?"

Mwende akaketi pale pale chini, akalia kwa sauti bila kujali nani anamsikia.

"Lalamika, mwenzangu," akasema. "Lalamika mpaka uchoke."