Mama Yangu Alimpaka Rangi Guanyin wa Pangoni

"Shuka chini, bibi! Shuka sasa hivi!"

Polisi wawili walikuwa wamemshika mama yangu miguu. Mama yangu mzazi! Ajuza wa zaidi ya miaka sabini, yuko juu ya ngazi ya mianzi, brashi mkononi, rangi nyekundu imemchuruzika mpaka kwenye kiwiko!

Nilikuwa nimepanda mbio kutoka kwenye kibanda changu cha tambi chini ya mlima. Pumzi imekata, aproni bado kiunoni.

"Mwacheni mama yangu!"

"Wewe nani?"

"Pu Guisheng. Mwanawe. Kafanya nini?"

Polisi akanyoosha kidole kwenye ukuta wa pango.

Wadau, Guanyin wetu, Mama wa Huruma, aliyechongwa kwenye mwamba na watu wa kale, sasa alikuwa na mashavu ya waridi. Midomo myekundu. Joho la buluu. Anang'aa kama mdoli mpya dukani!

Nisiwafiche... mimi niliona kapendeza.

Lakini pembeni kulikuwa na msichana wa miwani, Bi Shao wa ofisi ya mambo ya kale. Amekaa chini kwenye vumbi, analia. Mtu wa serikali, analia!

"Dada, usilie," nikamwambia. "Kama rangi imewaudhi, tutaifuta. Nyumbani nina thina."

"Usithubutu!" Akaruka juu. "Hii ni rangi ya mageti, mzee! Imeshaumana na jiwe. Ukiifuta, uso wa chini unabanduka nayo. Uso wa miaka karibu elfu moja!"

"Sasa tufanyeje?"

"Hakuna cha kufanya."

Wakamshusha mama yangu mlimani kama mwizi wa kuku. Watalii wanapiga picha.

Mtaniuliza, huyo bibi ana kichaa? Hapana.

Miaka ya nyuma binti yangu Xiuling aliugua mapafu. Hospitali wakatuambia tumpeleke nyumbani. Mnajua maana yake.

Mama alipanda pangoni siku hiyo hiyo. Aliporudi, paji la uso lilikuwa limechubuka kwa kusujudu.

"Mama, umeweka nadhiri gani?"

"Nyamaza."

Sisi huku nadhiri haitajwi. Yule aliyeombewa haambiwi chochote, mpaka siku atakayopiga magoti mwenyewe kushukuru. Ukimwambia kabla, unamrudishia ugonjwa wake.

Xiuling akapona! Leo anasoma chuo Chengdu, anapanda ngazi za bweni bila hata kukohoa.

Na mama akaanza kufuga nguruwe wa kununulia rangi. Maana kwetu mungu aliyekujibu humwachi amevaa matambara. Kijiji kizima kilijua kwamba mama anamvisha Guanyin nguo mpya. Xiuling tu ndiye hakujua. Angekuja sikukuu ya kufagia makaburi, bibi yake ampandishe pangoni, apige magoti, ndipo aambiwe.

Zilibaki siku chache tu!

Sasa nani kaita polisi?

Kichwani mwangu jina lilikuwa moja. Qiu, rafiki yangu, mlinzi wa pango. Ufunguo anao yeye. Nikamkuta anacheza mahjong na wazee wenzake. Sikusalimia. Nilipindua meza!

"Qiu, mbwa wewe! Umemuuza mama yangu!"

"Guisheng, umelewa mchana wote huu?"

"Umewaitia polisi!"

"Mimi?" Akasimama, vigae vya mchezo vinamdondoka mapajani. "We mjinga! Nani unadhani alimshikia mama yako ngazi wiki nzima? Nikiita polisi, si najiitia mwenyewe?"

Wazee wakaangua kicheko.

"Na hiyo meza uiinue. Nilikuwa nashinda!"

Nikainama kuokota vigae, uso unawaka kwa aibu.

Pale ndipo mmoja wao akanionyesha simu. Jamani... picha ya Guanyin wetu ilikuwa imezagaa nchi nzima. Mtalii mmoja kaipiga, watu wanaicheka. "Kapambwa saluni gani huyu?" "Bibi harusi wa pangoni!" Chini ya picha, mtu alikuwa ameandika: *Nalijua pango hili. Nimeshawaita wahusika. Aliyefanya ushenzi huu asihurumiwe.*

Nikakimbilia kituoni.

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Bi Shao pembeni, macho mekundu. Mkuu wa kituo, mtu mzima kama mimi, akanivuta kando.

"Kaka, msaidie mama yako. Tunamuuliza kwa nini kafanya, anasema hawezi kusema. Akikaa kimya, naandika kaharibu makusudi. Hiyo ni jela, na kwa umri ule hatoki."

"Naweza kueleza mimi..."

"Guisheng!"

Sauti ya mama ilikata kama panga.

"Ukifungua mdomo, wakamwita mtoto wakamwambia, na kile kifua kikarudi... usije kunizika."

Wadau, mimi niliacha shule mapema. Sijui mambo makubwa. Siwezi kuapa kwamba Guanyin anasikia, wala siwezi kuapa kwamba hasikii. Ninachojua ni kwamba nilimwona mwanangu akitapika damu kwenye beseni, na baadaye nikamwona anacheka. Nani kati yenu angethubutu kujaribu?

Nikisema, namweka mwanangu hatarini. Nikinyamaza, mama yangu anakwenda kufia jela.

Nilisimama pale kama gogo. Mkono wangu huu unaokanda unga tangu alfajiri haukuwa na kazi yoyote.

"Basi," mkuu akasema kwa upole. "Ngoja tumsikie aliyetoa taarifa. Kafika na treni, kaja na picha za zamani za ule uso."

Mlango ukafunguliwa.

Begi la chuo mgongoni. Nywele zimefungwa nyuma...

Xiuling!

"Baba? Bibi? Mnafanya nini hapa?"

Akamwangalia mkuu wa kituo. Akaniangalia mimi. Halafu akaiona mikono ya bibi yake. Nyekundu, buluu, dhahabu kwenye kucha.

Begi likaanguka.

"Hapana... Bibi, hapana! Mimi nilidhani ni wahuni... nimewaambia wasimhurumie..."

Mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema. "Umekula?"

"Bibi!"

"Njoo hapa. Mlima uko upande ule, nyuma ya dirisha. Piga magoti."

"Bibi, kwanza nielezee..."

"Piga magoti, mwanangu. Maelezo baadaye."

Mwanangu akapiga magoti kwenye sakafu ya polisi. Akaelekea dirishani. Akainamisha kichwa mpaka chini, mara tatu, machozi yanadondoka kwenye simenti.

Mama akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Haya. Nadhiri imeondoka. Sasa andikeni, nitasema."

Akasema yote. Ugonjwa, ombi, nguruwe, rangi. Bi Shao aliacha kuandika katikati. Xiuling hakuinuka pale chini. Alikuwa ameuma mkono wake mwenyewe ili asipige kelele.

Hawakumfunga. Umri wake ulimwokoa, na zile picha za Xiuling ziliwasaidia wataalamu kuuhifadhi ule uso wa kale angalau kwenye karatasi. Lakini mdomo wa pango wakauziba kwa nondo. Mama haruhusiwi kuvuka. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu anasimama nje, anachomeka vijiti vyake vya ubani kwenye mchanga.

Xiuling hupiga simu kila Jumapili. Anaomba msamaha ule ule. Mama anamjibu, "Msamaha wa nini? Si unapumua?"

Nililojifunza ni hili, na mnitukane mkitaka. Kabla hujamhukumu usiyemjua mtandaoni, uliza kwanza. Huyo unayetaka asihurumiwe anaweza kuwa alikesha akikuombea wewe.

Lakini si hilo linaloniua, wadau.

Tangu ile picha isambae, watu wanamiminika. Kutoka miji ambayo siijui. Wanapanda mpaka kwenye nondo, wanapiga picha na "mdoli", wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu wanashuka kula tambi kibandani kwangu. Sijawahi kupata wateja hivi.

Mama anakaa mlangoni, anawahesabu kwa macho, uso umechanua.

"Unaona, Guisheng?" ananiambia. "Pango lilikuwa limesahaulika. Nimemvisha tu, watu wote wamerudi kwake. Na wanavyoshuka na furaha!"

Mimi nakoroga sufuria.

"Ndiyo, mama," namwambia. "Wanafurahi sana."